Kakungulu ni Somo la Malaba Pia

Semei Kakungulu hakuwahi kuitawala Malaba, lakini bila yeye ni vigumu kueleza kwa nini Wateso wa ng'ambo ya mto, Uganda, na jamaa zao wa upande huu wa Kenya waliingia karne ya 20 chini ya mabwana tofauti. Mzaliwa huyu wa Kooki alijipatia jina katika vita vya kidini vya Buganda, na Aprili 1899 alikuwamo katika msafara uliowakamata Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda huko Lango. Baada ya hapo aligeukia mashariki na wafuasi wake wenye bunduki, akijenga ngome hadi Budaka na kuweka mawakala wa Kiganda kila alikopita, huku akiamini kwamba kamishna wa Uingereza, Sir Harry Johnston, amemwahidi ufalme wa eneo hilo, Bukedi. Mwaka 1902 Waingereza walimwondoa Budaka wakamwachia maili 20 za mraba Mbale, mji alioujenga mwenyewe. Hakuwa wa kwanza kutupwa na aliowapigania: Han Xin, jemadari aliyemshindia Liu Bang vita vilivyouanzisha utawala wa Han nchini China, alivuliwa ufalme kisha akauawa mwaka 196 K.K. Kakungulu hakuuawa. Mwaka 1906 alipelekwa kuongoza baraza la Busoga, adhabu iliyovikwa joho la cheo.

Wapo watakaosema huyu ni wa Uganda, yatuhusu nini? Hadi Aprili 1902, ardhi ya Busia na Malaba yenyewe ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda, ndipo ikahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Mpaka ulibadilika, mbinu haikubadilika. Kule, Wateso waliletewa Waganda. Huku, waliletewa machifu wa Kiwanga kutoka kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliyefanywa chifu mkuu mwaka 1909. Pande zote mbili serikali ilikodi jirani mwenye nguvu ili isigharimie utawala wake yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaotaja barabara alizojenga, miti aliyopanda na mji wa Mbale. Ni kweli, na hodari wa vita alikuwa, hakuna ubishi. Ila barabara hizo zililimwa kwa jasho la walioshindwa, na mawakala wake walibaki hata yeye alipoondolewa. Hapo ndipo kumwita shujaa au msaliti kunapokosa maana: alikuwa chombo kilichodhani ndicho mwenye mkono. Hata alipojitenga na Waingereza, akaasisi jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya mwaka 1919 na kufariki mwaka 1928, mfumo aliousimika uliendelea bila yeye.

Kumfundisha Mumia peke yake upande huu, na Kakungulu peke yake upande ule, kunamfanya kila mmoja aonekane kielelezo cha tabia ya kabila lake. Walimu wa historia wa Amukura na Tororo wawafundishe wote wawili katika kipindi kimoja.