MAONI YETU: UTITIRI HAUFI KWA KUSAFISHA BANDA MOJA



Wiki hizi malalamiko yanayofika kwenye meza ya kupokelea mayai ni ya namna moja. Huyu anasema kuku wake hawatagi. Yule anasema kuku wake ameyaacha mayai zikiwa zimebaki siku chache aangue. Mwingine anasema ikifika jioni kuku hawataki kabisa kuingia bandani, wanapanda mwembeni. Wapo wanaosema ni mdondo. Wapo wanaonong'ona ati jirani ana kijicho. Sisi tunasema, hebu chukueni tochi muende bandani saa tatu za usiku, mtamwona mchawi mwenyewe. Ni utitiri.

Utitiri mwekundu ni mdudu mdogo sana, hata akishiba hazidi sana milimita moja. Ana miguu minane kama kupe, na kama kupe anakunywa damu. Akiwa na njaa ni wa kijivu, akishiba ni mwekundu. Chawa wa kuku huishi manyoyani usiku na mchana. Kiroboto wa kuku huganda usoni, kandokando ya macho. Lakini utitiri mwekundu haukai juu ya kuku. Mchana umejificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya fito za kulalia, kwenye mafundo ya kamba na ndani ya nyasi za kiota. Usiku kuku wakilala ndipo unatoka, unakunywa damu, unarudi mafichoni. Ndiyo maana mtu anamkamata kuku asubuhi, anamfunua manyoya, haoni kitu, anasema kuku wangu ni safi.

Njia ya kujua ni rahisi. Usiku pitisha kitambaa cheupe chini ya ufito wanaolalia kuku. Kikitoka na madoa ya damu, unao. Mchana chungulia kwenye nyufa na mahali fito zinapoungana. Ukiona vumbi kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga, na vumbi hilo linatembea, unao. Mtazame na kuku mwenyewe: upanga wake wa kichwani umepauka, anajikuna, amenyong'onyea.

Jamani, hili si jambo la mzaha. Kuku anayenyonywa damu kila usiku hupunguza kutaga. Vifaranga wanaweza kufa kwa kuishiwa damu. Kuku anayetamia ndiye anayeteseka zaidi, maana usiku hana pa kukimbilia. Akishindwa anaondoka, na mayai 12 yanaoza. Hapo hujapoteza mayai 12, umepoteza kuku 12. Na katika kijiji hiki kuku ndio daftari la mtoto, ndio chumvi na sabuni, ndio nauli ya kwenda hospitali. Tena utitiri ukikosa kuku humuuma hata mtu. Wanaolaza kuku jikoni au ndani wanajua watoto wanavyojikuna usiku.

Sasa tufanye nini? Kosa linalorudiwa ni kumtibu kuku na kuliacha banda. Mtu anampaka kuku majivu, anamrudisha jioni kwenye banda lile lile, usiku ananyonywa tena. Chanjo ya mdondo ni lazima, tusiiache, lakini haiui utitiri. Wa kutibiwa kwanza ni banda.

Kazi yenyewe ni hii. Asubuhi toa kuku wote nje. Toa nyasi za viota na takataka zote, uzichome mbali na nyumba siku ile ile, usizirundike nyuma ya banda. Ng'oa fito za kulalia, uzimwagie maji yanayochemka. Mimina maji hayo kwenye nyufa na pembe zote. Kisha ziba nyufa kwa udongo na majivu, usiache hata upenyo wa kuingiza kijiti. Mwenye chokaa apake ukuta mzima. Banda likikauka weka nyasi mpya na nyunyiza majivu makavu viotani. Majani makavu ya mwarobaini yanasaidia, lakini peke yake hayatoshi. Banda lililoinuliwa kwa miguu, weka kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, ili mdudu asipande kutoka chini. Nje chimba shimo dogo, tia mchanga mkavu na majivu, kuku wajioge wenyewe. Kuku anayetamia asisumbuliwe mchana. Jioni, kwa utaratibu, mhamishie yeye na mayai yake kwenye kiota kipya.

Baada ya siku 7 rudia yote. Hapa ndipo wengi wanapochoka. Mayai ya utitiri yaliyosalia ndani ya ufa huanguliwa kwa siku mbili tatu, na kwenye joto kama letu mdudu hukomaa kwa muda wa kama wiki moja. Ukisafisha mara moja ukaridhika, umefuga wengine. Na usifikiri kuliacha banda tupu wiki mbili kunatosha. Utitiri unaweza kukaa miezi bila kula ukisubiri kuku warudi.

Kuhusu dawa tunasema wazi: dawa ya pamba, ya korosho au ya kahawa si dawa ya kuku. Tusidanganyane kwamba mdudu ni mdudu tu. Mwaka 2017 huko Uholanzi na Ubelgiji dawa iitwayo fipronili, isiyoruhusiwa kwa wanyama wanaoliwa, ilitumika katika mabanda ya kuku ili kuua utitiri huu huu. Sumu ikaingia kwenye mayai. Mamilioni ya mayai yakaondolewa madukani na kutupwa, na wafugaji wengi wakafungiwa. Wale wana maabara za kupima mayai. Sisi yai letu linatoka kiotani linaingia sufuriani, linaliwa na mtoto. Anayetaka dawa amwone kwanza bwana mifugo, aulize ni ya kuku au siyo, kipimo chake, na ni siku ngapi mayai yasiliwe wala kuuzwa. Na anayetaka kupaka mafuta ya taa kwenye nyufa asisogeze moto, tena asirudishe kuku mpaka yakauke.

Lakini yote hayo ni bure kama kila mtu atafanya kwa siku yake. Kuku wetu wanachanganyika mchana kutwa. Tunaazimana jogoo, tunaazimana kuku wa kutamia, na matenga ya wachuuzi yanaingia nyumba hii na ile. Wewe ukisafisha leo na jirani asisafishe, baada ya mwezi mko sawa. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walivyokaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka pamoja kuchimba vyoo na kufyeka. Walijua kwamba usafi wa nyumba moja hauilindi nyumba hiyo. Utitiri nao ni hivyo hivyo.

Tunawasikia wanaume wanaosema kuku ni mambo ya akina mama. Hela ya kuku ikipatikana mbona hamsemi hivyo? Kuchota maji, kukata kuni, kuchemsha, kung'oa fito na kukandika ukuta si kazi ya mtu mmoja. Aliyekula yai ashike jembe.

Na wako wanaojua banda lao limejaa utitiri, wakakimbilia kuuza kuku kwa jirani kimyakimya. Huo si ushirika. Asafishe banda kwanza, kuku apone, auze kwa haki.

Basi tunapendekeza hivi. Jumamosi hii mabanda yote ya kijiji yasafishwe siku moja, na Jumamosi inayofuata yarudiwe. Kila nyumba kumi zikubaliane mapema nani analeta pipa la maji, nani kuni, nani majivu. Wajane na wazee wasaidiwe na vijana, wasiachwe nyuma. Tenga lolote linaloingia kijijini limwagiwe maji ya moto kabla halijagusa banda la mtu. Wiki ya tatu kila mmoja apite na kitambaa chake cheupe usiku, na atakayekuta damu aseme bila aibu, tumsaidie.

Majivu ni bure, maji ni ya kwetu, mikono tunayo. Tukutane Jumamosi saa moja asubuhi.

Kamati ya Gazeti la Ukutani