Tapeti Iliyonyamaza Si Tapeti Iliyopona

Huku Mgori, Singida, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo lori la alizeti. Ndoo za asali kutoka vijiji vya kandokando ya msitu, kama Ngimu na Pohama, hushuka zimekazwa kwa mpira nyuma ya siti. Injini ikianza kugonga kule juu, ti-ti-ti-ti, hilo si tatizo la mwenye chombo peke yake. Na kila anayeisikia ana dawa yake. Dawa hizo nimezisikia kijiweni kwa miaka mingi, nyingine nimezijaribu kwenye Honda CG125 niliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu. Nazijibu hapa kwa sababu zinaua injini ambazo bado zina maisha.

"Kaza tapeti mpaka zinyamaze." Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo inayotolewa haraka kuliko zote. Mwanya wa tapeti kwenye CG125 ni milimita 0.08, valvu ya kuingiza na ya kutoa moshi sawasawa, injini ikiwa ya baridi. Ni kama unene wa karatasi ya daftari. Umeachwa kwa makusudi, kwani injini ikipata moto vyuma vinatanuka, kila kimoja kwa kiasi chake, na valvu lazima ibaki na nafasi ya kufunga. Ukiumaliza mwanya huo, valvu inabaki imeachama kidogo sana. Jicho halioni, lakini moto unaona.

Valvu ya kutoa moshi inapoa kwa kukaa kwenye kiti chake. Sehemu kubwa ya joto lake hupitia hapo kuingia kwenye hedi. Isipokaa sawasawa haipoi, na kila mlipuko gesi ya moto inapita kwenye upenyo uleule hadi ukingo unalika. Dalili zake madereva wa Mgori wanazijua, ila hawazihusishi na tapeti: asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto inakosa nguvu, kwenye kilima na abiria wawili inagoma, ukipiga kiki mguu unashuka laini kama hakuna kitu ndani. Niliwahi kuishika valvu ya namna hiyo. Ukingoni ilikuwa imemeguka kipande cha ukubwa wa punje ya mtama, na kuzunguka pale imegeuka rangi ya majivu. Wiki chache kabla, kijana mwenye pikipiki alikuwa ameniambia kwa furaha, "Mzee, kelele imeisha kabisa." Ni kweli ilikuwa imeisha.

"Fundi aliseti kwa fila geji na bado inagonga, basi fila geji ni mapambo." Hapana. Fila geji, yale mabapa membamba ya kupimia mwanya, haidanganyi, ila inadanganyika, na kuna njia mbili za kuidanganya.

Ya kwanza ni alama ya T kwenye magneti. Fundi anazungusha injini mpaka T inalingana na alama ya kwenye kava, anajua pistoni iko juu kabisa, anaanza kuseti. Lakini injini ya mipigo minne hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wake wa kazi. Mara moja ni mwisho wa kubana, valvu zote zimefungwa. Mara nyingine ni mwisho wa kutoa moshi, ambapo valvu moja haijamaliza kufunga na nyingine imeshaanza kufunguka. T ni ileile. Ukiseti kwenye T ya pili, unapima mwanya wakati kamu bado inasukuma, na injini ikizunguka, mwanya halisi unakuwa mkubwa mno. Ndiyo maana mtu anatoka kwa fundi kelele imezidi. Kipimo chake hakihitaji kifaa: shika roka zote mbili, ile mikono inayosukuma valvu, kwa vidole, uzitikise. Zote zikicheza kidogo, hiyo ndiyo T yako. Hata moja ikiwa imebana, zungusha injini raundi moja nzima, T irudi tena.

Ya pili ni shimo. Ncha ya skrubu ya tapeti inagonga kichwa cha shina la valvu mamilioni ya mara, na oili ikiwa chafu inachimbika katikati. Bapa la fila geji likiingia hapo linalala kwenye kingo za shimo, kama ubao juu ya mtaro. Linapita kwa kubana vizuri, nawe unasema 0.08. Chini ya ubao kuna kina ambacho hukukipima, na mlio unatoka humo. Kwenye pikipiki yangu nililiona shimo hilo siku nilipozitoa skrubu zote mbili na kuzielekeza juani: kila ncha ina kibakuli, kinang'aa kama kigae cha chupa. Nilikuwa nimeseti injini ile mara nne. Nilipoweka skrubu mpya na kuseti mara ya tano, ikatulia.

Wanaotumia wembe badala ya fila geji siwagombezi sana. Wembe una takriban milimita 0.1, na ni heri wembe kuliko sikio.

"Hiyo taiming cheni imelegea." Kwenye Boxer au TVS huenda ni kweli, kwani kamu zao ziko juu kwenye hedi na zinaendeshwa kwa cheni. Lakini CG haina taiming cheni. Kamu yake iko chini, inaendeshwa kwa gia moja kwa moja, nundu moja inafanya kazi ya valvu zote mbili, na pushi rodi mbili zinapandisha mwendo hadi kwenye roka. Honda walipoitoa katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wameangalia jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zetu, vumbi, mzigo, oili isiyomwagwa kwa wakati, wakachagua mpangilio huu kwa uvumilivu wake. Viwanda vya China vimeunakili kwa wingi, kwa hiyo nisemayo hapa yanawahusu wengi ambao hawajawahi kumiliki Honda. Skrubu zikiwa mpya, mwanya ukiwa sahihi na kelele ikaendelea, shuka chini: angalia vile vipande viwili vinavyolalia kamu, kisha nundu yenyewe. Uso wake unatakiwa uwe laini. Ukipitisha ukucha na ukakwama, umempata mwizi.

"Weka oili nzito." Oili nzito inafunika mlio kama blanketi. Singida iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi. Oili nzito asubuhi hiyo inachelewa kupanda kwenye roka, na ni hapo kwenye kuwasha ndipo vyuma vinasagana zaidi. Tumia oili ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, imwage kwa wakati. Chujio la wavu lisafishwe, pamoja na kile kikombe kinachozunguka upande wa klachi, ambacho wengi hawajawahi kukifungua tangu wanunue pikipiki. Nimekuta tope jeusi ndani yake, gumu kama ugali uliolala. Na sponji ya hewa iliyochanika ibadilishwe, maana vumbi letu ni mchanga, na mchanga ni jiwe la kunoa.

"Roka ikilika inachongwa kwa tupa, au inajaziwa kwa welding." Uso wa roka umekomazwa kwa joto kiwandani, na ukomavu huo ni tabaka jembamba tu. Tupa inaliondoa, moto wa welding unalilainisha. Chuma kinachobaki hakina ubavu wa kazi hiyo.

"Injini kuukuu haina spea." Spea zipo, mjini Singida zipo. Shida ni namna tunavyoziomba. Namba kama 156FMI au 162FMJ iliyogongwa kwenye injini inakutajia kipenyo cha silinda, milimita 56 au 62, na ukubwa wa cc. Haikuambii kama kamu iko juu au chini. Ukisema dukani "nipe roka ya 150" unaweza kupewa ya injini nyingine kabisa. Beba ya zamani mkononi. Zisimamishe pushi rodi mpya na ya zamani kwenye kioo cha kaunta, urefu ulingane.

Wazee wanaosema injini ya zamani lazima iongee kidogo, hao wako sahihi. Mlio mwepesi, ulio sawa, wa injini ya baridi ni afya. Mwanya upo na unasikika. Kinachonitia hofu ni mlio uliobadilika tangu wiki iliyopita, na zaidi ya hapo, ukimya wa ghafla baada ya bisibisi.

Ewe dereva mwenye safari ya kwa fundi kesho, iache pikipiki ilale kwake leo jioni, aiseti alfajiri injini ikiwa ya baridi, kabla hajaiwasha mtu yeyote. Na zile skrubu mbili mwombe azitoe nje, uzione ncha zake kwa macho yako.