Mvua Ikinyesha, Msimgongee Sokwe Atoke



Idd el-Fitr hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Ndiyo maana mwaka 2023 na 2024 ilituangukia Aprili, katikati ya masika, na anayetoka Kampala na watoto kwenda bustani ya wanyama ya Entebbe mwezi huo hana budi ajiandae kulowa.

Siku moja ya mvua namna hiyo, katika bustani ambayo sitaitaja, nilimwona baba mmoja akigonga wavu kwa funguo za gari ili sokwe atoke bandani. Watoto wake wakamsaidia kwa kelele. Wamelipa, wanataka kuona. Nilinyamaza, na hadi leo najuta.

Ulaya kuna miezi ya baridi kali ambapo twiga na tembo hukaa ndani saa nyingi. Mnyama anayefungiwa hivyo mahali padogo mara nyingi huanza kwenda na kurudi njia ile ile, bila kukoma. Watoto hucheka wakimwona. Ile si ngoma, ni dhiki. Sisi wa ikweta hatuna theluji. Tuna mvua, Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Hatuna sababu ya kumfungia mlango miezi mizima. Apewe banda kavu, mlango uachwe wazi, achague mwenyewe.

Linawezekana. Kisiwani Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria, sokwe yatima wanatunzwa tangu 1998. Mchana hushinda msituni, jioni hurudi bandani kula na kulala. Ila banda lijengwe juu: Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likameza fukwe nyingi.

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka. Hakumlisha, na wala hakumwachia akajitafutie. Hilo la pili huwa tunalipita haraka.

Kama kuna fedha za kujenga, mimi ningeanza na paa upande wetu wageni. Mtu aliyekaa pakavu ana subira, hagongi wavu.

Basi tukienda tena tubebe miavuli, tukae nusu saa. Sokwe akitaka atatoka. Asipotoka, Entebbe kuna twiga, na ziwa liko pale pale.