Mfundishe mtoto kukunja bendera, usimfundishe kuiogopa

Wasee, leo naongelea kitu ambacho wengi wenu mtasema ni kidogo sana: kukunja bendera. Nipeni dakika tatu.

Wiki jana mpwa wangu wa Gredi ya 2 alikuja kwangu. Bedsita yangu mnaijua, huwezi ficha kitu. Akaona bendera ya Kenya imerundikwa kwa kona, karibu na viatu. Ni ile niliyobeba tauni tarehe 25 Juni 2024, siku ya Mswada wa Fedha. Akaniuliza, "Anko, hii si ndiyo tunasimamia shule? Mbona iko chini?"

Sikuwa na jibu. Akaiokota, akaanza kuikunja vile anakunja sweta ya shule. Ikamshinda, mikono ni mifupi. Nikataka kumsaidia, ndipo nikagundua hata mimi sijui.

Sasa hebu piga hesabu. Miaka 8 ya shule ya msingi, 4 ya sekondari, paredi kila Jumatatu na Ijumaa. Chuo niliacha, sawa, lakini hizo paredi nilimaliza zote. Na somo lilikuwa moja tu: usitikisike. Nikiwa darasa la nne siafu waliniingia kwa soksi wimbo wa taifa ukiimbwa. Nikajikuna. Nilikula viboko viwili mbele ya shule nzima. Bendera yenyewe ilishikwa na maskauti pekee. Kwetu sisi wengine ilikuwa kitu cha huko juu, na huku chini kuna mwalimu na kiboko.

Kwa hivyo 2024, tulipoinunua barabarani na kujifunga mabegani, wengi wetu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuishika. Tuliipenda ghafla, bila kufundishwa na mtu. Na kuna wenzetu waliotoka nyumbani siku hizo na hawakurudi. Baadhi yao walizikwa jeneza likiwa limefunikwa kwa bendera hiyo hiyo. Halafu mimi yangu naiweka karibu na viatu. Niliona aibu, siwadanganyi.

Najua kuna mtu anasema: serikali yenyewe haiheshimu raia, mtoto aheshimu kitambaa cha nini? Beshte yangu mmoja aliniambia hivyo hivyo. Namwelewa. Lakini hapo ndipo tunapotegwa, tukidhani bendera ni ya serikali. Angalia rangi. Nyeusi ni watu. Nyekundu ni damu iliyomwagika tukidai uhuru. Kijani ni ardhi. Nyeupe ni amani. Katikati kuna ngao na mikuki, ya kulinda hayo yote. Hakuna rangi ya mheshimiwa hapo. Kupeperusha bendera kwa gari, sheria imeachia wakubwa wachache. Kuikunja vizuri hakuhitaji cheo.

Na tafadhali, tusiwafundishe watoto ile ya pembetatu ya kwenye filamu. Hiyo ni ya Marekani, wana mikunjo yao 13. Yetu ni mstatili wa kawaida. Mimi na mpwa wangu tulifanya hivi: yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tukaivuta ikakazika bila kugusa sakafu. Tukaikunja kwa urefu, nyeusi ikalala juu ya kijani. Watu juu ya ardhi yao. Nyekundu ikabaki kwenye mkunjo. Tukakunja kwa urefu tena, kisha tukaanza upande mmoja, pole pole, hadi ikawa kifurushi kidogo. Mara ya kwanza ilienda upande. Tukarudia mara tatu.

Kilichonigusa ni kwamba mtoto peke yake hawezi. Lazima kuwe na mtu upande ule mwingine, na mmoja akiachilia, inaanguka. Mpwa wangu alielewa hiyo bila hotuba. Aliniambia tu, "Anko, shika vizuri."

Kwa hivyo walimu, ombi langu ni dogo. Bendera ikishushwa, toeni watoto wawili tofauti kila wakati, hata wale watundu wa nyuma ya laini. Hasa hao. Wafundisheni kila rangi ni ya nini mikono yao ikiwa kwenye kitambaa. Akikosea mkunjo, arudie. Kiboko wekeni kando, kwa sababu mtoto aliyechapwa kwa ajili ya bendera atakumbuka kiboko. Mimi nakikumbuka hadi leo.

Na wewe uliye na yako tangu 2024, iko wapi saa hii? Itoe. Ifue, ianike, itafute mtoto wa kushika upande ule mwingine. Akikuuliza uliinunua kwa nini, mwambie ukweli.