Mhudumu wa afya atafika kwako lini?

Januari 31, 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji au mtaa. Kwa mama wa Igogwe, idadi ina maana iwapo mhudumu atafika mapema.

Vifo vingi vya watoto wachanga hutokea wiki ya kwanza. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalishauri mtoto atembelewe nyumbani siku ya kwanza na ya tatu, ikiwezekana tena kabla ya wiki kwisha. Ukijifungulia hospitali, atembelewe mapema mnaporudi nyumbani.

Mhudumu haji kukagua usafi wa jiko lako. Hutazama mtoto anavyonyonya, kitovu na joto la mwili. Kwa baridi ya Rungwe, mwombe akuonyeshe kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mweleze hali yako pia, hasa ukitoka damu nyingi.

Ukiwa bado mjamzito, uliza zahanati au mwenyekiti wa kitongoji mhudumu wenu ni nani, naye ajue tarehe yako ya matarajio.

Usisubiri ziara mtoto akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida, akipata degedege, akiwa na joto kali au baridi mwilini, au kitovu kikitoa usaha. Mpeleke kituo cha afya au Hospitali ya Igogwe mara moja, hata usiku.