Maporomoko si ya wazungu tu!

Leo nina dukuduku. Ukiwaambia watu wapeleke watoto maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa, jibu ni lilelile: "Watoto watachoka, hayo mambo ya wazungu."

Jamani! Watoto haohao wanakimbiza mpira kutwa nzima. Anayechoka ni baba mwenye kitambi! Mtoto anakulia Mang'ula, chini ya mlima kabisa, hajawahi kuona maji yakishuka mita 170, na mgeni kapanda ndege kuja kuyaona.

Hela? Mtanzania analipa kwa shilingi, na mtoto chini ya miaka 5 hadaiwi kiingilio. Piga hesabu ya bia za Jumapili moja halafu uniambie.

Sikatai, njia ina mwinuko na mawe yanateleza. Basi ondokeni asubuhi, mvalishe raba, mshike mkono. Akichoka, pumzikeni. Asipofika juu, si mtihani huo.

Mpunga na miwa ya Kilombero inakunywa maji ya milima hiyohiyo. Shuleni tunawaimbisha "tunza misitu". Msitu wenyewe wameuona wapi? Atautetea vipi asioujua?