Mgonjwa asiyepona bado ana la kufanyiwa

NENO LA IJUMAA
Na Hadija Mwinjuma

Mgonjwa wa Miono, huku Chalinze, akirudishwa kutoka Dar es Salaam, habari humtangulia. Basi la Tanga halijamshusha Mandera, na huku nyumbani mikeka imeshatandikwa, shangazi zake wa Mkange wameshapigiwa simu, na vijana wameshaanza kuhesabu nani atachangia nini. Swali linaloulizwa ni moja: "Hospitali wamesemaje?" Jibu nalo ni lile lile: "Wamesema tumrudishe tu nyumbani, hakuna la kufanya." Mgonjwa yupo hapo hapo, anasikia. Akili zake timamu, chai anaitaka, mzaha na watani wake anauweza. Lakini tangu saa ile tumeshaanza kumkalia matanga akiwa hai.

Mara nyingi daktari hakusema hivyo. Alisema ugonjwa hauponi, nasi njiani tukayageuza maneno yake. Na pale anaposema hivyo kweli, basi amekosea. Mtu asiyepona bado ana maumivu ya kutulizwa, kichefuchefu cha kuzuiwa, kidonda cha kusafishwa, pumzi ya kusaidiwa, hofu ya kuzungumzwa, na watoto na madeni ya kupangiwa utaratibu. Kazi hiyo ina wataalamu wake na dawa zake, na huitwa tiba shufaa. Tunayoikosea tiba hii ni mengi, ila karibu yote yamezaliwa na kauli ile ya kwamba hakuna la kufanya.

La kwanza ni kudhani kwamba tiba shufaa ni ya wanaokata roho, kwa hiyo kuikubali ni kumtupa mgonjwa. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya utafiti kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Baadhi walipewa matibabu ya kawaida peke yake. Wengine walipewa matibabu hayo hayo pamoja na wataalamu wa tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili liliishi kwa nafuu zaidi na kwa huzuni pungufu. Tena liliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa makadirio ya kati, dhidi ya 8.9 ya kundi la kwanza. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuanza tiba shufaa siku ile ile anayoanza dawa za saratani. Wala si ya saratani peke yake. Mtoto wa sikoseli anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa anaihitaji, na mzee mwenye moyo uliochoka, mwenye figo zilizofeli, aliyepigwa na kiharusi, au anayeishi na VVU wanaihitaji vilevile.

La pili ni mofini, na hapa pwani tuna sababu ya kuiogopa. Watu wa Bagamoyo mjini, Dar es Salaam, Tanga na Unguja wamezika watoto waliomalizwa na unga. Ni kweli heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Mama akisikia kwamba mumewe anaandikiwa dawa ya ukoo huo, anaona mateja wa stendi mbele ya macho yake, na chupa inabaki kabatini haijafunguliwa.

Tofauti ipo katika kipimo na katika haja. Mofini ya maji, ile ya kunywa, huanzishwa kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 5 au pungufu, kila baada ya saa 4. Hutolewa kwa saa, bila kusubiri maumivu yarudi, kisha hupandishwa pole pole mpaka mgonjwa atulie. Anayepimiwa namna hiyo hapati stimu, anapata usingizi. Mwili kuizoea dawa ni jambo jingine na uteja ni jambo jingine. Kukata pumzi, ambako ndiko kunakoogopwa zaidi, ni nadra kipimo kikifuatwa. Kero yake ya uhakika ni choo kigumu, ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Wauguzi wa tiba shufaa barani Afrika wamefundisha hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa pale dawa hiyo inapokosekana. Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza mofini kwa maumivu makali ya saratani tangu 1986. Na mwenye shaka bado aende Muhimbili, ambako tangu 2011 mateja wanatibiwa kwa methadoni, dawa ya ukoo ule ule. Kijana anakunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, kisha anakwenda kazini.

La tatu tunalinong'ona, nami nitalisema. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii ni ya mlango wa kizazi, na ya matiti haiko mbali. Zikichelewa huleta damu na kidonda kinachonuka. Hapo mama wa watu huhamishiwa chumba cha uani, wajukuu hukatazwa kuingia, na maneno ya kurogwa huanza. Harufu ile inatokana na vijidudu kwenye kidonda. Vidonge vya Flagyl, ambavyo kila duka la dawa linavijua, vikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa, kwa maelekezo ya muuguzi, huipunguza kwa siku chache. Damu nayo mara nyingi husimamishwa kwa mionzi michache pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, hata kwa mgonjwa ambaye mionzi hiyo haitamponya. Uvumi kwamba anayepelekwa Ocean Road harudi umetokana na jambo moja: wagonjwa wetu wengi hufika huko saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Tunachelewa sisi, lawama inabebwa na jengo.

La nne ni siri. "Msimwambie, atakata tamaa." Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na walimsema mgonjwa. Siku hizi wafichaji ni ndugu, na anayefichwa ni mwenye ugonjwa wake. Matokeo yake tunayajua. Mzee ana mikorosho Miono, kiwanja Msata, na deni la pembejeo kwenye chama cha ushirika. Ana mke wa ujanani na mke wa uzeeni. Anaondoka akiambiwa kila asubuhi kwamba ni vidonda vya tumbo tu, atapona. Arobaini haijafika, ndugu hawasalimiani. Dini yetu sisi tulio wengi huku imeweka utaratibu: deni hulipwa kabla ya mirathi, na mtu anaruhusiwa kuusia hadi theluthi ya mali yake. Atausiaje asiyejua kwamba muda wake ni mfupi? Wataalamu wa tiba shufaa hawamrushii mgonjwa habari usoni. Humwuliza kwanza: "Baba, mwenyewe unauonaje ugonjwa huu? Ungependa tukueleze kiasi gani?" Wapo wanaojibu, "Mwambieni mwanangu mkubwa." Hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa. Kosa ni kumwamulia bila kumwuliza.

Yapo na madogo yanayoumiza vilevile. Mgonjwa aliye mwishoni hushindiliwa uji kwa kijiko mpaka apaliwe, kwa kuogopa watu watasema kafa kwa njaa. Mwili unaofunga kazi zake haudai tena chakula. Kumlowesha midomo na kumkalia karibu kunamfaa zaidi. Na yupo wa kumwambia avumilie kwa sababu maumivu hufuta madhambi. Subira ni ya mgonjwa mwenyewe, hatuwezi kumwekea sisi tulio wazima. Mtume aliamuru watu wajitibu, na maumivu ni miongoni mwa yanayotibika.

Kauli ya hakuna la kufanya ina gharama, na anayeilipa ni fukara. Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alipokuwa akigawa kikombe chake cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia humo. Waliokwenda tuliwacheka baadaye, lakini mtu aliyefungiwa mlango na hospitali huku anaungua kwa maumivu atabisha mlango wowote. Huku kwetu shamba la ekari 3 huuzwa kwa sababu hiyo, na fedha humalizwa kwa waganga kabla ya msiba. Wanaobaki wanaanza maisha upya bila marehemu na bila shamba.

Wengine watasema tiba hii ni anasa ya Ulaya na ya hospitali kubwa. Ni kweli ilipata sura yake ya leo London, Cicely Saunders alipofungua Hospisi ya St Christopher's mwaka 1967. Lakini Nairobi walianza hospisi yao 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akitumia mofini ya unga inayochanganywa na maji, dawa ya bei ndogo kabisa, na wauguzi wanaomfuata mgonjwa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, kwa kuwa vijijini daktari hayupo. Kwetu nako Ocean Road wanatengeneza mofini ya maji, na hospitali ya Selian, Arusha, ina hospisi ya miaka mingi. Hata Muheza, ambako basi lile lile la Mandera linafika, watu wamehudumiwa majumbani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Muheza ni mji wa machungwa na mkonge, haina utajiri wa kutushinda.

Kutoka Miono hadi Ocean Road ni zaidi ya kilomita 100, na mgonjwa wa mifupa huhesabu kila tuta njiani. Kumwambia aifuate mofini huko kila chupa inapokwisha ni sawa na kumnyima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu milioni 56.8 wanaohitaji huduma hii kila mwaka duniani, wanaoipata ni kama asilimia 14. Waliobaki wengi wanaishi mahali kama hapa.

Tunachohitaji si jengo. Kituo chetu cha afya kiwe na mtabibu mmoja na muuguzi mmoja waliosomea tiba shufaa, kabati lenye kufuli, daftari la kuandika kila mililita inayotoka, na ruhusa iliyo wazi ili wasiogope kukamatwa kwa kutoa dawa halali. Mapema 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hao ndio wanaoingia majumbani. Wafundishwe kumwuliza mgonjwa maumivu yake ni mangapi kati ya sifuri na kumi, na wajue wa kumpigia simu wakijibiwa nane. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo ihesabu mofini na ziara ya muuguzi nyumbani kuwa matibabu kamili, kama inavyohesabiwa oparesheni. Madiwani wa Chalinze wanaweza kulianza hili kwenye bajeti yao bila kusubiri Dodoma.

Nasi ndugu wa mgonjwa tuna sehemu yetu. Siku mtakapoambiwa ugonjwa hauponi, msinyanyuke. Mwulizeni daktari: "Maumivu yake mtayatuliza kwa dawa gani? Ikiisha tutaipata wapi? Usiku akizidiwa tumpigie nani?" Andikeni majibu nyuma ya bahasha ya vipimo. Akiwajibu kwamba hakuna la kufanya, mwombeni awaandikie barua ya kwenda kwa anayejua la kufanya, na msiondoke bila hiyo barua.